Sura ya Saba: Madume Wawili Wanaotazamana

“Je, nikiweka madume wawili wa beta kila mmoja kwenye bokali lake, halafu mabokali yakae juu ya meza moja, kuna ubaya?” Kila anayeanza kufuga samaki hawa wa rangi hulifikia swali hili mapema. Dume wa kwanza humvutia, akatamani wa pili. Ameshaambiwa kwamba madume wawili wakitiwa chombo kimoja watararuana, basi anaona kioo kimemaliza tatizo. Kila mmoja ana maji yake na chakula chake. Watagombea nini?

Fahali wawili hawakai zizi moja. Hilo tunalijua tangu utotoni. Ila hapa mazizi ni mawili, na yanatazamana. Wahenga hawakutuachia neno juu ya hilo, hivyo inabidi tuwaulize samaki wenyewe. Jibu lao, kama tutakavyoona, ni kwamba kuonana peke yake si sumu. Kinachodhuru ni kuonana kusikokuwa na mwisho, pale samaki anapokosa pa kukimbilia na pia anakosa namna ya kumfukuza mwenzake.

Anayeuliza akiwa Kalemie, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, yuko karibu na ushahidi kuliko wengi. Beta ni mgeni kutoka Asia, lakini baadhi ya majaribio yaliyolijibu swali hili vizuri yamefanywa kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, ndugu wadogo wa kuhe na ngege wanaouzwa sokoni kila siku.

Beta ni samaki wa namna gani?

Beta, ambaye wataalamu humwita *Betta splendens*, asili yake ni Thailand na nchi za jirani. Huishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani mengi: vinamasi, mitaro, mashamba ya mpunga. Ni mdogo, urefu wake kama sentimita sita hivi. Watu wa Thailand wamemfuga kwa karne nyingi, kwanza kwa ajili ya kumpiganisha na kuchezea kamari, baadaye kwa ajili ya uzuri wa mapezi yake. Mwaka 2019 serikali ya nchi hiyo ilimtangaza kuwa kiumbe wa majini wa taifa.

Mambo mawili katika maumbile yake yanatuhusu.

La kwanza ni pumzi. Samaki wengi hupumua kwa matamvua tu, yaani zile nyuzi nyekundu zilizo chini ya mashavu, ambazo huchukua oksijeni iliyomo majini. Beta anayo matamvua, na juu yake ana kiungo kinachoitwa labirinti: chumba kidogo chenye mikunjo mingi kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida. Ndiyo maana humwona akipanda juu mara kwa mara, anagusa uso wa maji kwa mdomo, kisha anashuka. Kwa sababu ya kiungo hiki beta hafi haraka kwenye maji machache yaliyotulia, na kwa sababu hiyohiyo wauzaji duniani kote humpanga kwenye vyupa vidogo, safu kwa safu. Anaweza kukaa humo kwa muda bila kufa. Hiyo haimaanishi kwamba panamfaa.

La pili ni ulinzi wa eneo. Dume wa beta hutengeneza kiota cha mapovu juu ya maji. Jike akitaga, dume huokota mayai kwa mdomo, huyapandisha kwenye mapovu, kisha hubaki analinda. Mahali pale pa kiota, pamoja na maji yanayopazunguka, ni himaya yake, yaani eneo ambalo mnyama hulitetea dhidi ya wenzake. Dume mwingine akionekana karibu ni tishio kwa mayai hata kabla ya kufanya lolote. Kwa hiyo dume wa beta ameumbwa ajibu kile anachokiona, asisubiri mpaka aguswe.

Anapomwona mwenzake

Mtazame kwa karibu. Mara tu dume mwingine anapoingia machoni, rangi yake hukolea. Mapezi yote hufunguka yakatandazika. Kisha vifuniko vya matamvua husimama pande zote mbili za kichwa, na chini yake hutokeza utando mweusi kama ndevu, hata kichwa kikaonekana kikubwa maradufu. Hugeuka ubavu, anatikisa mkia, anageuka tena uso kwa uso.

Kwa kawaida ugomvi wa madume hupitia hatua tatu:

1. Kutishana: kila mmoja anatanua mapezi na vifuniko vya matamvua.
2. Kupimana: wanakaa ubavu kwa ubavu, wanapigana mawimbi ya maji kwa mikia.
3. Kung’atana: hapa mapezi huchanika na magamba hung’oka.

Porini, ugomvi mwingi huishia kwenye hatua mbili za mwanzo. Anayeona amezidiwa hukunja mapezi, rangi hufifia, anaingia majanini na kuondoka. Mshindi humsindikiza kidogo, halafu anarudi kiotani. Mambo yamekwisha.

Sasa rudi mezani kwenye mabokali mawili. Kioo kinazuia meno, lakini kinaruhusu hatua ya kwanza na sehemu kubwa ya pili. Aliyezidiwa anakunja mapezi na kurudi nyuma sentimita kumi, akageuka, akakuta mpinzani bado yupo palepale. Aliyeshinda naye anaona mtu aliyekwisha kumshinda hataki kuondoka kwake. Dakika tano baadaye wanaanza upya.

Kutishana huku kuna gharama. Kifuniko cha matamvua kinaposimama wazi, maji hayapiti vizuri kwenye matamvua, na samaki hulazimika kupanda juu kuvuta hewa mara nyingi zaidi. Imeonekana kwamba beta akiwa kwenye maji yenye oksijeni kidogo hupunguza maonyesho haya, dalili kwamba ni kazi nzito, si mchezo.

*Kwa ufupi: kioo huondoa majeraha, hakiondoi ugomvi. Tena huondoa kile kinachoumaliza, yaani nafasi ya mmoja kuondoka.*

Ushahidi kutoka Ziwa Tanganyika

Kwenye kingo za Ziwa Tanganyika, midomoni mwa mito na kwenye vidimbwi vya kando, anaishi samaki mdogo anayeitwa na wataalamu *Astatotilapia burtoni*. Tumwite burtoni kwa urahisi; jina lilitokana na Mwingereza Richard Burton, aliyefika ziwani mwaka 1858 pamoja na John Speke. Burtoni ni wa jamii ya sikilidi, familia kubwa ya samaki ambamo pia wamo kuhe, ngege na sato. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani kwingineko duniani.

Madume wa burtoni ni wa tabaka mbili. Mwenye himaya huwa wa manjano au wa buluu, ana mstari mweusi unaopita machoni, huchimba shimo mchangani na kuwaita majike. Asiye na himaya hana rangi ya maana. Hufanana na jike na huogelea kundini asionekane. Lakini tabaka hizi si za kudumu. Mwenye himaya akitoweka, mnyonge huweza kubadilika palepale: katika dakika chache mstari wa jicho hujitokeza, rangi inawaka, anaanza kufukuza wenzake. Akipatikana mbabe mkubwa kuliko yeye, mambo hurudi nyuma.

Katika maabara ya Russell Fernald, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watafiti walitaka kujua kama macho peke yake yanatosha kuleta mabadiliko haya. Matokeo waliyatoa mwaka 2011. Dume mdogo aliwekwa upande mmoja wa kioo angavu, dume mkubwa upande wa pili. Hawakuweza kugusana; waliweza kuonana tu.

Dume mdogo aliacha tabia za ubabe, akavaa sura ya mnyonge, na hali hiyo iliweza kuendelea hadi siku saba. Katika siku tatu za mwanzo hata mwili wake ulionyesha msukosuko: kiwango cha homoni ya kiume kilishuka, na vinasaba vinavyohusika na msongo vilifanya kazi zaidi. Homoni ni kemikali ambazo mwili huzituma kupitia damu ili kuamuru viungo vifanye hiki au kile. Msongo ni hali ya mwili kukaa tayari kwa hatari. Kumbuka, hakuna aliyemng’ata. Alitazamwa vibaya tu na mkubwa wake.

Kuna jambo jingine katika jaribio hilo ambalo mfugaji hapaswi kulipita. Ilipofika siku ya saba, vipimo vya ndani ya mwili vilikuwa vimerudi sawa na vya samaki wengine. Nje, bado alikuwa amevaa unyonge. Kwa maneno mengine, ndani alikuwa dume kamili. Nje alijifanya si lolote ili mkubwa asimwandame.

Wafugaji wengi husema, “Siku za kwanza walitishana, sasa wamezoeana.” Huenda ni kweli. Lakini burtoni anatuonya kwamba samaki aliyetulia anaweza kuwa ni samaki anayejificha mahali ambapo hakuna pa kujificha, hivyo amebaki kuificha rangi yake.

Mbona ziwani majirani huishi pamoja?

Mtu aliyepiga mbizi kwenye mawe ya ufukweni atapinga. Atasema ameona sikilidi kwa mamia, kila mmoja na jiwe lake, wanaonana mchana kutwa, na hawapigani wakati wote. Ana haki.

Chukua sikilidi mmoja wa ziwani aitwaye *Neolamprologus pulcher*, ambaye huishi kwa familia kwenye mapango ya mawe. Masanori Kohda na wenzake wa Osaka, Japani, walionyesha mwaka 2015 kwamba samaki hawa hutambuana kwa sura. Kila mmoja ana alama zake za rangi kwenye shavu, karibu na jicho. Watafiti walichanganya picha: uso wa jirani wakaupachika kwenye mwili wa mgeni, na uso wa mgeni kwenye mwili wa jirani, kisha wakawaonyesha samaki kwenye skrini. Samaki walifuata uso. Aliyekuwa na uso wa jirani walimvumilia. Aliyekuwa na uso wa mgeni walimkodolea macho muda mrefu kwa wasiwasi. Utambuzi huo haukuchukua hata sekunde nzima.

Wataalamu wa tabia za wanyama huita hali hii “adui mpendwa”: jirani uliyekwisha kukubaliana naye mpaka hukusumbua kidogo kuliko mgeni ambaye hujui anataka nini. Amani hiyo inasimama juu ya nguzo tatu:

- Mpaka unaojulikana. Kila mmoja anajua jiwe lake linaishia wapi.
- Sura inayojulikana. Jirani wa leo ndiye wa jana.
- Mahali pa kuondokea. Samaki akichoka kutazamwa, anaingia pangoni.

Pima mabokali ya mezani kwa nguzo hizo. Mpaka haupo, kwa sababu samaki hawezi kuelewa kioo. Anachokiona ni mpinzani aliye hatua moja kutoka kwake. Sura ya jirani hubadilika kila mara mwenye samaki anapohamisha mabokali wakati wa kuyaosha na kubadilisha maji. Na pango halipo. Ziwani wanaonana wakitaka. Mezani wanaonana watake wasitake.

Beta naye hana kichwa kigumu kabisa. Akionyeshwa mpinzani yuleyule tena na tena, vitisho vyake hupungua kidogo kidogo. Uwezo wa kuzoea anao, ila anahitaji kusaidiwa.

*Kwa ufupi: majirani hupatana penye mpaka, sura zinazofahamika na mahali pa kujificha. Bokali tupu halina hata kimoja.*

Safu ya mabokali ni safu ya mashahidi

Mwenye mabokali matano atasema kila samaki ana jirani mmoja au wawili tu. Kwa kweli kila mmoja anafuatilia mambo ya wote anaowaona.

Mwaka 1998, Rui Oliveira na wenzake walichapisha jaribio ambamo beta aliwatazama madume wawili wakigombana. Baadaye alikutanishwa nao mmoja mmoja. Mshindi aliyemwona akishinda alimkaribia kwa kusitasita zaidi kuliko mshindi ambaye hakuushuhudia ushindi wake. Alikuwa amejifunza kwa kutazama.

Burtoni wa Tanganyika alienda mbali zaidi. Katika jaribio lililotolewa mwaka 2007, mtazamaji alionyeshwa madume watano kwa zamu: wa kwanza akimshinda wa pili, wa pili akimshinda wa tatu, wa tatu akimshinda wa nne, wa nne akimshinda wa tano. Kisha akapewa kuchagua kati ya wa pili na wa nne, ambao hakuwahi kuwaona wakipambana. Alisogea upande wa wa nne, aliye dhaifu. Alikuwa amepanga ngazi nzima kichwani mwake, kutoka mbabe hadi mnyonge.

Ndiyo maana safu ya madume wanaoonana haitulii kama mtu anavyodhani. Kila tishio linalotolewa na mmoja huonwa na wengine, na wa katikati hubanwa pande zote mbili.

Basi uwapange vipi?

Hutahitaji vifaa vya gharama. Fuata haya:

1. Weka kizuizi kati ya vyombo. Karatasi ngumu, kipande cha kartoni, ubao mwembamba au kitambaa kisichopitisha mwanga vinatosha. Wafugaji wa Thailand, wenye maelfu ya chupa zilizosongamana, huweka kadi kati ya chupa na chupa.

2. Ukitaka kuwaona wakitanua mapezi, ondoa kizuizi kwa dakika chache. Mara moja kwa siku inatosha, kisha kirudishe. Hapo ugomvi unapata mwisho wake: mpinzani ametoweka, na kila mmoja anabaki na himaya yake.

3. Wape mahali pa kujificha. Mimea ya majini au kipande cha chungu kisicho na makali. Jaribu hivi: samaki akiwa ndani ya maficho yake, anaweza kumwona jirani? Akiweza, maficho hayo hayajafaa.

4. Ongeza nafasi. Tangi la lita 20, ujazo wa bido la kawaida, humpa dume mmoja nafasi ya kusogea mbali. Lifunike kwa wavu au kifuniko chenye matundu, maana beta huruka, na acha nafasi ya hewa juu ya maji.

5. Usigawe tangi moja kwa kioo angavu. Ukilazimika kuligawa, tumia kizuizi wasichoweza kuonana kupitia kwake, kinachofika juu kabisa.

6. Usihamishe vyombo ovyo. Ukishamaliza kubadilisha maji, kila kimoja kirudi mahali pake, hasa kama kuna upenyo wa wao kuonana.

7. Angalia kioo usiku. Taa ikiwaka ndani ya tangi na chumba kikiwa giza, kioo hugeuka kuwa cha kujitazamia. Beta hushambulia taswira yake mwenyewe kama anavyomshambulia mgeni. Zima taa ya tangi, au funika upande mmoja.

Kuhusu maji, mkazi wa ufukweni asichote tu ziwani. Maji ya Tanganyika ni mazito kwa madini na yana ualikali, yaani kinyume cha uchachu, kwa kiwango kikubwa. Yanawafaa samaki wa huko. Beta amezoea maji laini zaidi. Maji ya mvua yaliyochanganywa na ya kisima ni bora kwake, na ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku nzima kabla ya kutumika.

Dalili za samaki aliyechoka kutazamwa

- Anatembea kando ya kioo huku na huko bila kupumzika.
- Anatanua vifuniko vya matamvua kutwa nzima.
- Amepauka na mapezi yamekunjika, au mistari ya ulalo imejitokeza ubavuni.
- Anaacha chakula, hasa jirani akiwa anaonekana.
- Mkia unachanika ingawa yuko peke yake. Wengine hujing’ata wenyewe.

Dalili hizi huweza pia kuletwa na maji machafu au ugonjwa. Kwa hiyo badilisha sehemu ya maji kwanza, weka kizuizi, kisha tazama.

Maswali mawili yanayofuata

*Je, ndugu wa tumbo moja wanaweza kuonana bila shida?* Wakiwa wadogo huishi pamoja bila matata. Wakikaribia kupevuka, katika umri wa miezi michache, udugu hauwasaidii tena, na wafugaji huwatenganisha kila mmoja chupa yake. Kuanzia hapo watendee kama wageni.

*Nikishindwa kuwafuga wote, nimwachie mmoja mtoni?* Hapana. Si Mto Lukuga, si kijito, si ziwani. Beta waliotoka mikononi mwa watu wameshajenga makazi katika bonde la Mto Adelaide, kaskazini mwa Australia. Na Afrika Mashariki ina funzo chungu zaidi: sangara aliyeingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 alichangia kutoweka kwa aina nyingi za sikilidi wa huko. Mpe rafiki, au mrudishie muuzaji.

Muhtasari wa sura

- Dume wa beta hujibu anachokiona, hata kama hawezi kukigusa.
- Burtoni wa Ziwa Tanganyika ametuonyesha kwamba kumwona mbabe kupitia kioo kunatosha kubadili tabia ya mdogo, na kwa siku chache hata mwili wake.
- Utulivu si lazima uwe amani. Huenda samaki amejikunyata tu.
- Majirani huvumiliana wakiwa na mpaka, sura zilizozoeleka na maficho.
- Kuonana kwa dakika chache hakuna ubaya. Kuonana kutwa kucha bila njia ya kuondoka ndiko kunakochosha.

Ikiwa mabokali yako tayari yanatazamana na huna hakika kama kuna tatizo, usibishane na mtu. Weka kartoni kati yake kwa wiki moja. Angalia nani ameanza kula vizuri, nani rangi imemrudia, nani ameacha kuzunguka kioo. Ukiona badiliko, umepata jibu, na kartoni ibaki hapo. Usipoona badiliko lolote, hujapoteza kitu ila kipande cha kartoni.